Miti, Seng'enge au Mawe: Jinsi ya Kuchagua Ua wa Nyumbani

Wasomaji wa gazeti letu, katika masomo yetu tumekwisha kujifunza jinsi ya kupima eneo la shamba, jinsi chuma kinavyoshikwa na kutu, na jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mambo hayo tunayaandika katika madaftari matatu mbalimbali, na wengi wetu hudhani kuwa hayana udugu. Likizo iliyopita nilipewa kazi nyumbani iliyonilazimu kuyafungua madaftari yote matatu kwa pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua ua wa kuzunguka nyumba yetu. Nataka kuwaeleza niliyojifunza, pamoja na makosa niliyoyafanya, ili mwenzangu atakayepewa kazi kama hiyo asiyarudie.

Kwetu ni kijijini, si mbali na Mwanza, katika nchi ya mawe makubwa. Baba alifariki nilipokuwa Kidato cha Pili. Alituachia nyumba na kiwanja chenye urefu wa meta 60 na upana wa meta 40, kilichozungukwa na ua wa minyaa alioupanda mwenyewe kabla mimi sijazaliwa. Tangu siku hiyo ua ule haukupata mtu wa kuutunza. Upande wa kusini ulikufa, mbuzi wakawa wanaingia na kula muhogo. Upande wa mashariki, tunakopakana na mzee mmoja jirani, ulikuwa na mapengo, na kila msimu wa kulima plau yake ilisogea kwetu mfuo mmoja au miwili. Mwaka huu mama aliuza dume la ng'ombe, akaniita na kuniambia, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Fedha hizi ni za ua. Fikiri, kisha uniambie tuweke ua gani."

Mimi sikufikiri hata dakika moja. Nilijibu, "Ukuta wa mawe, mama, mrefu kuliko mtu."

Mama akanitazama, akauliza, "Ukuta huo utamzuia nani, mbuzi au mzee?"

Nikanyamaza. Swali lile ndilo somo la kwanza la makala haya. Kabla ya kuuliza "ua gani," uliza "ua wa kumzuia nani." Ua wa kuzuia mbuzi si lazima uwe mrefu, bali uwe hauna matundu chini. Ua wa kuficha bafu yapasa uzuie macho. Ua wa kukinga bustani na upepo haupasi kuziba kabisa. Na ua ulio alama ya mpaka unaweza kuwa mfupi kama goti, mradi kila mtu aukubali. Hapana ua mmoja ufanyao kazi zote hizo sawasawa. Sasa natuutazame kila mmoja kwa zamu yake.

UA WA MITI

Kwetu Usukumani ua wa asili ni minyaa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Euphorbia tirucalli. Majani yake ni madogo mno na huanguka upesi, na vile vijiti vyake vya kijani ndivyo vifanyavyo kazi ya majani. Mti huu huvumilia ukame, ng'ombe na mbuzi hawaupendi, na mbegu yake hainunuliwi. Hukatwa vipande vya urefu wa mkono, huachwa kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kisha hupandwa mvua zinapokaribia. Si sisi tu tuupendao. Husemwa kwamba hata jina la Ziwa Manyara latokana na neno la Kimasai emanyara, lenye maana ya ua wa boma.

Nilipiga hesabu. Mzunguko wa kiwanja chetu ni meta 60 + 40 + 60 + 40, yaani meta 200. Tukipanda kipande kimoja kila sentimeta 30, tutahitaji vipande kama 670. Vyote vyapatikana kwa panga na jasho.

Iko miti mingine. Michongoma ni jina wapewalo miti kadhaa ya miiba, na ua wake ukishafungamana hata mwizi huogopa. Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiko kwenye ngoma. Lakini yataka subira ya miaka mitatu au zaidi. Mkonge hupandwa upesi na majani yake hutoa kamba, ila kila mmea ukishatoa mlingoti wake hufa, kwa hiyo sharti machipukizi yawekwe badala yake. Mbono kaburi huota kwa vipande kama minyaa na mbuzi huukwepa, lakini mbegu zake ni sumu, na watoto hudhani ni karanga. Lantana, yenye maua mazuri ya rangi nyingi, haifai. Ndege huzisambaza mbegu zake mpaka malishoni, na ng'ombe wakila majani yake huugua.

Ua wa miti hupunguza upepo vizuri kuliko ukuta. Upepo ukigonga ukuta hupanda juu, kisha huanguka upande wa pili kwa kuzunguka-zunguka. Ukikuta miti hupenya kidogo kidogo na kupoteza nguvu, na bustani hupata kinga umbali wa kama mara kumi ya kimo cha ua.

Ubaya wake ni kwamba huchelewa kukua, hunyang'anya maji mazao yaliyo karibu, na hutaka kukatwa kila mwaka. Tena ukatwe kwa akili. Watu wengi huuacha uwe mpana juu na mwembamba chini, na majani ya chini yakikosa mwanga hufa, mbuzi wakapata mlango. Sehemu ya chini na iwe pana kuliko ya juu. Somo la usanisinuru linatosha kutueleza sababu.

KOSA LANGU

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo ningependa kulificha. Nilimwambia mdogo wangu, mwenye umri wa miaka tisa, akate matawi ya minyaa ya kupandia, nami nikaketi kivulini na daftari la hesabu. Sikumwonya juu ya utomvu. Nilidhani kila mtoto wa kwetu anajua. Lakini aliyekuwa akituonya sisi ni baba, na baba alipofariki mdogo wangu alikuwa bado mdogo mno kushika panga.

Alijifuta jasho usoni kwa mkono wenye utomvu. Nilisikia ukelele ambao sijausahau mpaka leo. Nikakimbia na kanga ya mama nikaanza kumfuta, kumbe ndivyo nilivyozidi kuueneza utomvu jichoni.

Yule mzee jirani alikuwa akipalilia upande wake. Alivuka pengo la ua, lile lile lililokuwa likiniudhi, huku akipiga kelele, "Maji! Acha kufuta, lete maji!" Akamlaza mtoto kwa ubavu, akaniamuru nilishike kope, akawa anamimina polepole, ndoo ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kisha akampakia katika baiskeli yake mpaka zahanati. Mganga aliosha tena jicho, akatupa dawa, akatueleza kwamba utomvu wa minyaa huunguza sehemu ya mbele ya jicho, na kwamba wako wanaochelewa wakaharibika macho kwa muda mrefu.

Kwa siku tatu mdogo wangu hakuweza kulifumbua jicho lile. Sikuifungua tena hesabu yangu. Siku ya nne mama alimwonyesha vidole, akasema ni vitatu, navyo vilikuwa vitatu.

Basi, ndugu msomaji, shika haya. Minyaa haikatwi na watoto. Akataye avae glavu, nguo ya mikono mirefu na miwani, na asisimame mahali upepo unapomrushia matone. Utomvu ukiingia jichoni, usifute wala usitie maziwa au dawa ya majani. Osha kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha uende kwa mganga upesi, hata kama maumivu yamepungua.

SENG'ENGE

Seng'enge si kitu cha kale. Joseph Glidden, mkulima wa jimbo la Illinois katika Marekani, alipata hataza ya waya wake wenye miiba mwaka 1874, kwa sababu katika nyika zile miti na mawe ya kujengea nyua vilikuwa adimu. Faida yake kubwa ni wepesi. Kazi ambayo miti huifanya kwa miaka mitatu, waya huifanya kwa siku tatu. Wala hainywi maji ya mahindi.

Hesabu yake ni hii. Meta 200 kwa mistari minne ni meta 800 za waya. Nguzo moja kila meta tatu ni nguzo kama 67. Lakini mistari minne huzuia ng'ombe tu. Mbuzi hupenya kama maji, kwa hiyo mistari ya chini lazima ikaribiane, kama sentimeta 15, na jumla iwe sita. Hapo waya umefika meta 1,200.

Waya mzuri umepakwa zinki. Kama tulivyosoma katika kemia, zinki huliwa kwanza na kukilinda chuma kilicho ndani, na siku zinki inapokwisha ndipo kutu huanza. Adui wa pili ni mchwa, ambaye huila nguzo chini ya ardhi huku juu ikionekana nzima. Nguzo ziwe za mti mgumu au za zege, na zile za pembeni zitiwe mihimili, maana ndizo zinazovutwa na waya wote. Tena miiba huchana ngozi za ng'ombe, na ngozi yenye makovu bei yake hushuka. Mwisho, seng'enge huonyesha kila kitu. Haifichi bafu wala haipunguzi upepo.

UKUTA WA MAWE

Ukuta hauliwi na mchwa, hauungui moto, hautaki kupogolewa. Watu wa pwani walijenga kuta zao kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Karibu zaidi na kwetu, ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Mara, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, ziko kuta za Thimlich Ohinga. Zilijengwa yapata karne ya 16 kwa mawe matupu, bila udongo wala chokaa, nazo zina kimo cha kati ya meta 1.5 na meta 4.5. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Siri yake ni mpangilio. Mawe hupangwa uso wa nje na uso wa ndani, katikati hujazwa mawe madogo, na kila jiwe hulalia maungio ya mawe yaliyo chini yake. Ukuta wa namna hiyo huyaachia maji ya mvua yapite. Ukuta wa saruji usioachiwa matundu huyazuia, na siku moja maji huusukuma.

Kwa kuwa kwetu mawe ni ya bure, niliona ukuta nao utakuwa wa bure. Hesabu ilinikatalia. Ukuta wa urefu wa meta 200, kimo cha meta 1.2 tu, na unene wa nusu meta, una ujazo wa meta za ujazo 120. Tukitoa theluthi moja iliyo nafasi kati ya mawe, zabaki 80. Meta moja ya ujazo ya jiwe la matale ina uzito wa kama tani 2.6. Jumla ni tani 208, yaani safari 30 za lori la tani saba. Na ukuta nilioutaka mimi, mrefu kuliko mtu, ungehitaji nyingi zaidi ya hizo. Mama aliposikia alicheka, akaniuliza kama kuna ng'ombe wa kuuzwa wa namna hiyo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba matundu ya ukuta wa mawe makavu ni nyumba ya nyoka na panya, na kwamba ukuta mrefu humficha mwenye nyumba na mwizi pia.

MPAKA KWANZA

Jioni moja yule mzee alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alipokwisha kunywa uji alisema mwenyewe, "Shemeji, huu ua umekufa. Kabla hamjapanda mwingine, tupime." Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wazee wawili. Kumbe baba na mzee walizika mawe mawili, moja kila mwisho wa mpaka, walipogawiwa viwanja vyao. Tuliyachimbua, tukavuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee akiaibika. Upande wa kaskazini kweli, plau yake ilikuwa imevuka meta moja na nusu. Lakini upande wa kusini kamba ilipita ndani ya muhogo wetu. Minyaa ya baba ilikuwa imenenepa mwaka baada ya mwaka kuelekea kwa mzee, na sisi tulikuwa tumepanda nyuma yake kwa kuufuata ua, si mpaka. Tulikuwa tumekula meta nzima ya shamba lake, na hakuna aliyejua. Watu wote wakanyamaza. Mzee ndiye aliyesema kwanza, "Basi, sote tulikuwa tunalima usingizini."

Hapo nilielewa kwamba ua wa miti hutembea, na kwamba ukuta wangu, kama ningeujenga palipokuwa na minyaa, ungekuwa wizi uliojengwa kwa mawe. Mpaka ni mapatano ya watu wawili, na ua huja baadaye kuyakumbusha. Rafiki yangu wa bwenini atokaye Marangu alinieleza kwamba kwao Uchaggani mpaka hupandwa masale, na mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani la sale kumwomba radhi. Mmea mmoja unatenganisha mashamba na kupatanisha watu.

Sheria nayo yafuata njia hiyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na mipaka huhakikiwa majirani wakiwapo. Wakishindana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji la kuwasuluhisha, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Mama ameanza kuifuatilia hati hiyo.

TULIVYOAMUA

Hatukuchagua ua mmoja, bali kila upande tuliupa ua wake. Mashariki tuliyarudisha mawe mawili mahali pake, tukaongeza mengine yanayoonekana kila baada ya meta kumi, na michongoma tukaipanda nusu meta ndani ya upande wetu, ili ikinenepa isimvukie mzee. Kusini na magharibi, mbali na njia na kisima, tulipanda minyaa, nikaikata mimi mwenyewe kwa glavu. Kaskazini, ambako minyaa ya baba ingali hai, tuliziba mapengo tu.

Seng'enge tuliiweka kuzunguka bustani ya mboga peke yake, yenye meta 15 kwa 10. Mzunguko wake ni meta 50, kwa mistari sita ni meta 300 za waya, na nguzo 17. Mawe tuliyoyakusanya yalitosha kujenga kiukuta cha kuficha bafu.

Kwa ufupi, mwenzangu, ukipewa kazi ya ua, jiulize maswali haya kwa utaratibu huu. Mpaka uko wapi, na jirani anakubali? Ua ni wa kumzuia nani? Unaweza kungoja miaka mingapi? Ni kitu gani kipatikanacho karibu, nacho kina uzito gani? Nani atautunza mimi nitakaporudi shuleni? Na je, una hatari gani kwa watoto wa nyumbani? Swali hili la mwisho nililiuliza nikiwa nimechelewa.

Fedha za dume hazikwisha. Mama alinunua mbuzi wawili majike kwa zilizobaki. Katika barua yake ya mwezi uliopita ameandika kwamba michongoma imeshika, kwamba jicho la mdogo wangu halina kovu, na kwamba wale mbuzi wawili ndio wa kwanza kuujaribu ua wetu kila asubuhi, tena kwa upande wa ndani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne